Fridtjof Nansen: Mtu Aliyewatafutia Wakimbizi Pasipoti



Katika jarida letu la kumbukumbu ya Uhuru tumezoea kusoma maisha ya wazee wetu waliopigania nchi, na ni haki yao. Safari hii nimeiomba kamati ya jarida nafasi ya kusimulia maisha ya mgeni. Anaitwa Fridtjof Nansen, mtu wa Norwei, aliyezaliwa tarehe 10 Oktoba 1861, yaani miaka 100 kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa mwezi Disemba 1961. Vijana wetu wanaosoma shule za hapa Uingereza huenda wamekutana na jina lake katika habari za safari za Ncha ya Kaskazini. Lakini iko sehemu nyingine ya maisha yake ambayo inatugusa zaidi sisi tunaoishi mbali na kwetu.

Karibu kila nyumba ya Mtanzania huku ina bahasha ambayo watoto hawaruhusiwi kuichezea. Ndani yake mna pasipoti, vibali vya kuishi, vyeti vya kuzaliwa, vya shule na vya ndoa. Tunaitunza kwa sababu tunajua kwamba karatasi ikikosekana, mtu hakanyagi mbele wala harudi nyuma. Miaka 100 iliyopita watu zaidi ya milioni moja walijikuta katika nchi za watu bila karatasi yoyote ambayo serikali ingeitambua. Nansen ndiye aliyezishawishi serikali zikubaliane hati moja kwa ajili yao. Namna alivyofanya hivyo, mahali alipofaulu na mahali aliposhindwa, ni habari inayofaa kujulikana na watoto wetu.

Kijana wa theluji

Nansen alizaliwa karibu na mji wa Christiania, ambao leo unaitwa Oslo. Baba yake alikuwa mwanasheria. Watoto wa nyumba ile walikulia jirani na misitu, na wakati wa baridi waliteleza juu ya theluji kwa ski, zile mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Chuo kikuu alisomea elimu ya wanyama. Mwaka 1882, akiwa na miaka 20, alipanda meli ya wawindaji wa sili iliyokwenda bahari ya kaskazini, na huko ndiko alikoiona Greenland kwa mara ya kwanza.

Aliporudi aliajiriwa katika jumba la makumbusho la mji wa Bergen, akawa anachunguza mishipa ya fahamu ya wanyama wadogo wa baharini kwa hadubini. Hapo sisi wauguzi tuna deni kwake. Alikuwa miongoni mwa wataalamu wa mwanzo kueleza kwamba kila seli ya neva inajitegemea, na kwamba seli hizo hazikuungana kuwa wavu mmoja kama wengi walivyoamini. Somo hilo tulilisoma darasani bila kutajiwa jina lake.

Mwaka 1888, siku chache baada ya kutetea tasnifu yake ya udaktari, aliondoka kwenda kuivuka Greenland kwa miguu. Wasafiri wa kabla yake walianzia pwani ya magharibi yenye makazi, ili wakishindwa wapate pa kurudi. Nansen aliamua kuanzia mashariki, kusiko na watu, ili njia ya kuokoka iwe moja tu, ya mbele. Walikuwa watu sita. Walivuka, lakini walipofika upande wa pili meli ya mwisho ya mwaka ilikuwa imekwishaondoka. Wakakaa majira yote ya baridi na wenyeji wa Greenland, nao wakawafundisha kuendesha mitumbwi yao ya ngozi na kuishi katika nchi ile. Baadaye Nansen aliandika kitabu kuhusu maisha ya wenyeji hao.

Safari iliyompa umaarufu duniani ilianza mwaka 1893. Aliunda meli imara iitwayo Fram, akaiingiza kwa makusudi kwenye barafu ya bahari ya kaskazini, akiamini kwamba mkondo wa maji utaibeba pamoja na barafu hadi upande wa pili wa dunia. Wataalamu wengi walisema ni wazimu. Mwaka 1895, alipoona meli haitapita kwenye ncha yenyewe, aliiacha mikononi mwa wenzake, akaondoka na mtu mmoja, Hjalmar Johansen, kwa ski na mbwa wa kukokota mizigo. Walifika kaskazini kuliko binadamu yeyote aliyejulikana hadi wakati ule, kisha wakageuza. Walipitisha majira ya baridi ndani ya kibanda cha mawe na ngozi, wakila nyama ya dubu. Agosti 1896 walifika Norwei, na siku chache baadaye Fram nayo ikatokea. Watu wote 13 wa safari ile walirudi salama.

Nchi yake inajitegemea

Wakati huo Norwei haikuwa nchi kamili. Ilikuwa chini ya mfalme wa Uswidi katika muungano ambao Wanorwei wengi walikuwa wameuchoka. Mwaka 1905 muungano ulivunjika bila vita. Nansen, ambaye sasa jina lake lilijulikana kila mahali, aliitetea nchi yake katika magazeti ya nje, na alikuwa miongoni mwa waliomshawishi mwanamfalme wa Denmark akubali kuwa mfalme wa Norwei. Mwaka 1906 akatumwa London kuwa balozi wa kwanza wa nchi yake mpya.

Ubalozi ule alimaliza kwa huzuni. Mke wake, Eva, mwimbaji aliyependwa sana nchini kwao, alibaki nyumbani na watoto. Disemba 1907 alishikwa na nimonia. Nansen alifunga safari ya kumuwahi, lakini Eva alifariki kabla hajafika. Wengi wetu tuliowahi kupigiwa simu usiku kutoka nyumbani tunaijua safari ya namna hiyo, ambayo mtu anahesabu saa huku akijua kwamba hesabu haisaidii. Mwaka uliofuata aliacha ubalozi, akarudi kwenye utafiti wa bahari.

Wafungwa wa vita

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mamia ya maelfu ya askari walikuwa bado wamefungwa mbali na kwao. Wajerumani, Waustria na Wahungaria walikuwa kambini Urusi, wengine ndani kabisa ya Siberia. Warusi nao walikuwa Ujerumani. Kambini mlikuwa na njaa, baridi na taifasi, homa inayoenezwa na chawa. Muuguzi mmoja wa Uswidi, Elsa Brändström, alikuwa amewahudumia wafungwa wa Siberia kwa miaka, na habari za mateso yao zilijulikana. Lakini hakukuwa na serikali iliyoweza kuwarudisha peke yake. Mwenye treni hakuwa na meli, mwenye meli hakuwa na fedha, na mwenye wafungwa hakuaminiana na wenzake.

Mwaka 1920 Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, lilimwomba Nansen aisimamie kazi hiyo. Kikwazo kilijitokeza mara moja: serikali ya Kisovieti haikulitambua Shirikisho hilo. Ikakubali kuzungumza na Nansen kama Nansen tu. Kwa hiyo alisaini mapatano Moscow kwa jina lake, huku upande wa pili akizungumza na serikali za Magharibi kwa jina la Shirikisho. Akakopa fedha kwa serikali kadhaa, akapata meli za kuvusha watu bahari ya Baltiki, na Msalaba Mwekundu ukaendesha kituo mpakani ambako wafungwa waliogeshwa, wakauawa chawa, wakalishwa, kisha wakapandishwa meli. Waliokuwa mashariki kabisa ya Siberia walipitia bandari ya Vladivostok.

Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Katika kazi hii methali ilikuwa kweli kwa maana zake zote mbili. Hadi mwaka 1922 watu 427,886 walikuwa wamerudi makwao, katika nchi zinazokaribia 30.

Watu wasio na karatasi

Kazi hiyo haijakwisha, ikaja nyingine kubwa zaidi. Mapinduzi na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Urusi viliwatawanya watu zaidi ya milioni moja. Walijaa Constantinople, ambayo leo ni Istanbul, na katika nchi za Balkani, Poland, Ujerumani, Ufaransa, hadi China. Mwishoni mwa mwaka 1921 serikali ya Kisovieti ikatoa amri ya kuwavua uraia wengi wao. Pasipoti zao za zamani zilikuwa za dola ambayo haikuwapo tena.

Tufikirie maana yake. Mtu hana kazi katika mji alipo, na anasikia kuna kazi nchi ya jirani, lakini hawezi kwenda kwa sababu hana hati. Nchi aliyopo nayo haimtaki, lakini haiwezi kumtoa kwa sababu hakuna inayompokea. Kila serikali ilikuwa inangoja nyingine ianze. Iliyofungua mlango peke yake iliogopa kwamba mzigo wote utamwagwa kwake. Hivyo zote zikafunga.

Mashirika ya misaada, yakiongozwa na Msalaba Mwekundu, yaliliomba Shirikisho liteue mtu mmoja wa kuratibu. Mwaka 1921 Nansen akawa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi, wa kwanza duniani. Ofisi yake ilikuwa ndogo. Shirikisho lilitoa fedha za uendeshaji tu. Fedha za kuwalisha wakimbizi alitakiwa azitafute mwenyewe.

Julai 1922 aliitisha mkutano Geneva. Hakuziomba serikali zitoe uraia, na hakuziomba zifungue mipaka. Aliziomba jambo dogo ambalo kila moja ingeweza kulikubali bila kuogopa wapiga kura wake: kila nchi iwape wakimbizi wa Kirusi waliomo ndani yake cheti cha utambulisho cha mtindo mmoja, na kila nchi nyingine ikubali kukitambua cheti hicho na kuweka viza juu yake. Serikali 16 zilikubali mwanzoni. Baadaye zikazidi 50. Watu wakakiita pasipoti ya Nansen.

Mimi ni muuguzi, na shahada yangu niliipata huku, kwa hiyo naomba mfano wa kazini. Mgonjwa akihamishwa kutoka mapokezi kwenda chumba cha upasuaji, kisha wodini, anavaa mkononi utepe mmoja wenye jina na namba. Utepe haumponyi. Lakini kila idara ingekuwa na utepe wake na kuukataa wa mwenzake, mgonjwa angekwama korido. Cheti cha Nansen kilikuwa utepe wa namna hiyo, na shida yake ilikuwa kuzifanya idara 50 ziukubali mmoja.

Cheti kilikuwa na upungufu, na hatupaswi kuuficha. Kwa kawaida kilidumu mwaka mmoja. Hakikumpa mtu haki ya kufanya kazi wala ya kubaki. Mwanzoni hata nchi iliyokitoa haikulazimika kumpokea tena aliyekitumia kusafiri. Kasoro hiyo ilianza kurekebishwa mwaka 1926, serikali zilipokubaliana juu ya viza ya kurudi. Katika miaka hiyo kiliwekwa pia stempu ya faranga 5 za dhahabu yenye picha ya Nansen. Mkimbizi mwenye uwezo aliilipia, na fedha zake zikatumika kuwasaidia wasio na uwezo. Waarmenia walianza kukipata mwaka 1924, na mwaka 1928 wakaongezwa Waashuri na makundi mengine.

Waliokibeba ni mamia ya maelfu. Wamo watu mashuhuri kama mchoraji Marc Chagall, mtunzi wa muziki Igor Stravinsky na mwandishi Vladimir Nabokov. Walio wengi walikuwa wafumaji, madereva wa teksi, wachimba makaa ya mawe na wapishi. Kuanzia mwaka 1925 ofisi ya Nansen iliunganisha nguvu na Shirika la Kazi Duniani ili kuwatafutia ajira. Ufaransa ilikuwa imepoteza vijana zaidi ya milioni moja vitani na ilihitaji mikono migodini, viwandani na mashambani. Kwa hati ile mkimbizi aliyekuwa mzigo Istanbul aliweza kuwa mfanyakazi Ufaransa.

Njaa ambayo serikali zilikataa kuiona

Mwaka 1921 huohuo ukame na athari za vita vilileta njaa kubwa katika bonde la mto Volga na Ukraine. Nansen alisimama mbele ya Shirikisho akaomba serikali zitoe mkopo wa kununua nafaka. Alieleza kwamba nafaka ipo Amerika, inaoza, na meli zimefungwa bandarini bila kazi. Serikali zilikataa. Nyingi ziliogopa kwamba msaada utaiimarisha serikali ya Kikomunisti.

Akageukia wananchi wa kawaida. Alizunguka miji ya Ulaya na Marekani akihutubia na kuonyesha picha alizopiga mwenyewe huko kwenye njaa, akakusanya michango. Shirika la misaada la Marekani, lililoongozwa na Herbert Hoover, lilikuwa na uwezo mkubwa zaidi, na lililisha mamilioni ya watu. Hata hivyo, watu wanaokadiriwa kufikia milioni 5 walikufa. Mwishoni mwa mwaka 1922 Nansen alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Fedha za tuzo alizitoa kwa mashamba ya mfano huko Urusi na Ukraine na kwa wakimbizi wa Ugiriki.

Ugiriki na Uturuki

Hao wakimbizi wa Ugiriki ndio sura ngumu kuliko zote katika maisha yake. Septemba 1922 vita kati ya Ugiriki na Uturuki viliishia kwa kuteketea kwa mji wa Smyrna, ambao leo ni Izmir. Watu karibu milioni moja wakakimbilia Ugiriki, nchi masikini yenye watu takriban milioni 5. Nansen alitumwa kushughulikia. Pamoja na kutafuta chakula na mahema, aliunga mkono pendekezo la kubadilishana watu: Wakristo wa Kiothodoksi waliokuwa Uturuki wahamie Ugiriki, na Waislamu waliokuwa Ugiriki wahamie Uturuki.

Mapatano yalisainiwa Lausanne Januari 1923, na yalikuwa ya lazima. Wakristo wapatao milioni 1.2, wengi wao wakiwa wamekwishakimbia, hawakuruhusiwa tena kurudi. Waislamu wapatao 400,000 walihamishwa kwenda upande wa pili. Kipimo kilikuwa dini peke yake. Kulikuwa na Wakristo waliozungumza Kituruki tu, na Waislamu wa kisiwa cha Krete waliozungumza Kigiriki tu. Walishushwa katika bandari za nchi walizoambiwa ni zao, na hawakujua hata kuomba maji.

Wanaomtetea Nansen wanasema aliona mauaji yakiendelea na hakuona njia nyingine ya kuyasimamisha. Wanasema pia kwamba mkopo wa kimataifa uliofuata uliisaidia Ugiriki kuwapa wakimbizi nyumba na mashamba. Yote mawili yana ukweli. Lakini hati ya Geneva ilimpa mtu uwezo wa kuchagua aende wapi, na mapatano ya Lausanne yalimwondolea uwezo huo. Kote kuwili serikali zilishirikiana, na kote kuwili zilipongezana. Kwa hiyo watoto wetu wakisikia kwamba nchi zimekubaliana sera ya pamoja kuhusu wahamiaji, waulize kwanza wahamiaji wenyewe wamebakiziwa uamuzi gani.

Ahadi kwa Waarmenia

Miaka yake ya mwisho Nansen aliitumia kwa ajili ya Waarmenia walionusurika na mauaji ya halaiki ya mwaka 1915 na miaka iliyofuata katika dola ya Uturuki. Mwaka 1925 alikwenda Armenia mwenyewe, wakati huo ikiwa chini ya Wasovieti, akapima ardhi pamoja na wataalamu, na kuandaa mpango wa kumwagilia nchi kame ili wapate pa kulima maelfu ya familia. Mpango ulihitaji mkopo. Mwaka baada ya mwaka aliusimamisha mbele ya Shirikisho, na mwaka baada ya mwaka serikali zilizokuwa zimewaahidi Waarmenia mengi wakati wa vita zilikosa fedha. Hakufanikiwa. Wengi zaidi walisaidiwa kupata makazi Syria na Lebanon, ambako vizazi vyao vipo hadi leo.

Alifariki nyumbani kwake Lysaker, karibu na Oslo, tarehe 13 Mei 1930, akiwa na miaka 68. Alizikwa kwa heshima za taifa tarehe 17 Mei, siku ambayo Wanorwei wanaadhimisha katiba yao na kupeperusha bendera kila nyumba. Basi siku ya taifa lake ikawa siku ya kumuaga mtu aliyefanya kazi kwa ajili ya watu wasio na taifa.

Alichotuachia

Baada yake iliundwa ofisi iliyopewa jina lake, ambayo ilipata Tuzo ya Nobel mwaka 1938. Baada ya Vita Kuu ya Pili ulikuja Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, na hati ya kusafiria ya mkimbizi inayotolewa leo ni mjukuu wa kile cheti cha Geneva. Afrika nayo haikukaa kusubiri. Mwaka 1969 nchi za OAU zilikubaliana mkataba wao uliopanua maana ya mkimbizi, umjumuishe hata anayekimbia vita na machafuko kwa jumla.

Hapa ndipo hadithi inaporudi nyumbani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi hutoa nishani ya Nansen kwa waliowatendea wema wakimbizi. Mwaka 1983 alitunukiwa Mwalimu Julius Nyerere. Wakati ule nchi yetu, masikini kama ilivyokuwa, ilikuwa imewapa ardhi ya kulima Warundi waliokimbia mwaka 1972, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na ilikuwa imewapa uraia maelfu ya Wanyarwanda. Miaka ya baadaye Tanzania iliwapa uraia zaidi ya Warundi 150,000. Baadhi yetu katika jumuiya hii tumekulia jirani na makazi hayo, na wapo waliozaliwa humo. Mwaka 2013 nishani hiyo ilikwenda kwa mtawa wa Kongo, Sista Angélique Namaika, kwa kuwahudumia wanawake waliofurushwa na vita huko Dungu.

Leo waliolazimika kuhama duniani wamepita milioni 100. Mwezi Disemba 2018 serikali zilikutana Marrakech zikapitisha Mkataba wa Dunia kuhusu Uhamiaji, na katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nchi 152 ziliupigia kura ya ndiyo, 5 zikaukataa, 12 hazikupiga upande wowote. Mkataba huo haumfungi mtu kisheria. Wapo wanaoudharau kwa sababu hiyo. Hata mapatano ya Nansen ya mwaka 1922 hayakuwa na nguvu kubwa ya kisheria. Yalishika kwa sababu yaliomba jambo moja linaloonekana, ambalo karani wa mpakani angeweza kulitekeleza Jumatatu asubuhi, na kwa sababu mtu mmoja hakuchoka kuzibishia hodi serikali zilizokawia.

Wanajumuiya wenzangu wengi walikuja na vyeti vyao vya ualimu, ufundi na uuguzi, wakakuta havisomeki huku mpaka wakae mitihani upya. Tukiwa na malalamiko hayo, ni vizuri kujua kwamba karatasi kutambuliwa nje ya mpaka haikuwahi kuja yenyewe. Kuna aliyekaa mezani akaiombea. Watoto wetu watakaosomea sheria, diplomasia na utawala wana meza hizo zinazowangoja, za vyeti vya kazi, za viza za kuwaona bibi na babu, na za wale wanaovuka bahari kwa mitumbwi ya mpira. Basi jioni moja baada ya sherehe, wazazi tuifungue ile bahasha, tuwaonyeshe watoto kila hati iliyomo na tuwasimulie ilipatikanaje.

Nawatakia nyote heri ya Sikukuu ya Uhuru.